Bei ya umeme inayotazama saa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Uniti moja uliyotumia saa nane mchana na uniti moja uliyotumia saa mbili usiku zinafanana kwenye mita. Kwenye nguzo, waya na transfoma hazifanani hata kidogo. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na wenye nyumba, wenye mashine, wasimamizi wa hoteli na hata mafundi umeme kila panapozungumzwa bei zinazomvuta mteja asogeze matumizi yake. Mifano mingi ni ya Tanzania, Kenya na Uganda. Ya nje imeletwa pale walipotangulia kujaribu.

## Kwani bei ya umeme na tozo ya mtandao si kitu kimoja?

Ni vitu viwili vilivyofungwa kwenye kifurushi kimoja. Kuna gharama ya kuzalisha umeme: maji ya bwawa, gesi, mvuke. Kisha kuna gharama ya kuufikisha: njia kubwa za msongo wa juu, vituo vya kupoza umeme, transfoma ya mtaani, nguzo, waya unaoingia kwako. Hiyo ya pili ndiyo tozo ya mtandao, yaani mtandao wa nyaya za umeme. Nchi nyingi za Ulaya huandika gharama hizo mbili kwenye mistari tofauti ya bili. Kwetu mteja mdogo haoni mgawanyo huo. Katika jedwali la bei la Tanzania lililoanza 2016, mteja wa D1, yaani nyumba yenye matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Wa T1, yaani mteja wa matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292, kabla ya kodi. Ndani ya hiyo 292 kuna bwawa, nguzo na fundi, na hakuna anayejua kipi ni kiasi gani.

## Kwa nini saa iwe na uzito kuliko idadi ya uniti?

Kwa sababu transfoma haihesabu uniti za mwezi. Inachojua ni mzigo ilio nao sasa hivi.

Chukua transfoma ya kVA 100 (kVA ni kipimo cha mzigo inaoubeba) inayolisha mtaa. Saa nane mchana imebeba kVA 25 na imetulia. Saa mbili usiku watu wamerudi, taa zimewaka, pasi zinapigwa kwa ajili ya kesho, mtu anachemsha maji ya kuoga, mwingine amewasha pampu ajaze simtanki. Mzigo unapanda hadi kVA 110. Anayekaa mwisho wa laini ndiye anayejua hali hiyo vizuri: taa inafifia na kuwa ya njano, feni inazunguka kwa uvivu, friji inajaribu kuwaka, inagonga "tak", inazima, inajaribu tena. Kompresa nyingi hufia hapo.

Shirika la umeme likitaka kuondoa shida hiyo linafunga transfoma ya kVA 200 na kuvuta waya mnene zaidi. Fedha hizo zote zinatumika kwa ajili ya saa tatu za usiku. Saa 21 zilizobaki transfoma kubwa inakaa bila kazi ya maana, na gharama yake inagawanywa kwa wateja wote, akiwamo yule ambaye hajawahi kupiga pasi usiku.

Kuna jambo la pili lisilosemwa sana. Umeme unaopotea kama joto kwenye waya hauongezeki sambamba na mzigo. Mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu kwenye waya huo huo unaongezeka mara nne. Kwa hiyo uniti ya saa za kilele, yaani saa ambazo mzigo uko juu kuliko zote, huharibu umeme mwingi zaidi njiani kabla haijakufikia.

## Tanzania sasa ina Bwawa la Nyerere. Umeme si umeshatosha?

Uzalishaji umepata nafuu kubwa. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Lakini umeme ulio Rufiji bado haujafika Paje wala Mbagala mpaka upite kwenye njia, na kila njia ina kikomo chake.

Unguja inaonyesha jambo hili kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Kisiwa hulishwa kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Wa zamani, wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulikuwa na uwezo wa megawati 45. Ulipoharibika, kisiwa kilikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 uliwashwa 2013. Hata bara wakizalisha megawati 10,000, mlango wa kuingilia Unguja ni ule ule, na kuutanua ni kazi ya miaka. Hapo hoteli ikikubali kuendesha pampu za bwawa la kuogelea, mashine za kufulia na za barafu nje ya saa za jioni, imeacha nafasi kwenye waya kwa ajili ya nyumba za watu. Kiyoyozi cha mgeni sikitaji, kwa kuwa hakisogezeki.

## Kenya walianza lini, na walifanya nini hasa?

Desemba 2017 Kenya ilianzisha bei ya saa kwa wateja wa viwanda na biashara kubwa. Saa za nafuu ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, sehemu kubwa ya Jumamosi na sikukuu, na Jumapili nzima. Katika saa hizo bei ya uniti inashuka kwa nusu.

Sababu yake inaeleweka. Matumizi ya usiku wa manane yanashuka mno kulinganisha na kilele cha jioni, ambacho mwaka 2025 kilipita megawati 2,300. Mvuke wa ardhini wa Olkaria, unaozalisha umeme wa Kenya, hauzimwi kama jiko la gesi. Ukikosa mnunuzi unaachiwa hewani. Afadhali uuzwe nusu bei.

Tatizo lilikuwa kwenye masharti. Nafuu ilitolewa kwa matumizi yaliyozidi kiwango cha kawaida cha mteja mwenyewe. Kiwanda kilichokuwa tayari kinafanya zamu ya usiku kwa miaka mingi, yaani kile ambacho hakijawahi kuubebesha mtandao mzigo wa jioni, kilifaidika kidogo kuliko kile kilichoongeza uzalishaji. Upande wa kuuza umeme uliobaki, hesabu hiyo ina mantiki. Ukiitazama kwa upande wa nguzo na transfoma, si haki: aliyekaa nje ya kilele tangu zamani amewaokolea wenzake fedha, naye anastahili bei ya usiku kuanzia uniti ya kwanza.

Mwaka 2023 waliongeza bei maalumu ya vyombo vya usafiri vya umeme: shilingi 16 za Kenya kwa uniti saa za kawaida na shilingi 8 saa za nafuu. Hii ninaisifu bila kusitasita. Tofauti ni mara mbili kamili, mwendesha bodaboda anaikumbuka bila karatasi, na betri ni mzigo usiojali umechajiwa saa mbili au saa nane ya usiku.

## Na Uganda?

Uganda wanagawa siku mara tatu kwa wateja wa biashara na viwanda: kilele ni saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku, nafuu ni saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mchana uko katikati. Ni rahisi kukumbuka. Wasiwasi wangu ni urefu wa kilele. Mwenye karakana ya kuchomelea anaweza kusubiri saa tatu au nne, lakini saa sita mfululizo ni siku nyingine kabisa, na asiyeweza kusubiri analipa tu na kuendelea kama jana. Denmark wamebana kilele chao cha tozo ya mtandao kati ya saa kumi na moja jioni na saa tatu usiku. Saa nne mtu anaweza kuzivumilia.

## Mimi ni wa T2, bili yangu ina kitu kinaitwa kVA. Hicho ndicho kinanimaliza. Ni nini?

Hiyo ndiyo tozo ya mtandao ya kweli ambayo tayari unayo. Wateja wa T2, yaani wa matumizi makubwa kwenye msongo wa chini, hulipa shilingi 195 kwa uniti, pamoja na shilingi 15,004 kwa kila kVA ya mzigo wa juu kabisa waliofikia mwezi huo. T3 ya msongo wa kati ni shilingi 157 na 13,200. Mita haikusanyi mzigo huu kama uniti. Inatazama kila kipindi kifupi cha mwezi, kwa kawaida dakika 15 au 30, na inabaki na kile kilichokuwa juu kuliko vyote. Dakika hizo chache zinaamua bili ya mwezi mzima.

Tuseme una kiwanda kidogo cha kusaga na kukoboa: mashine mbili za kusaga, moja ya kukoboa, kipepeo cha kupoza na pampu. Asubuhi kijana anafika, anawasha vyote pamoja ili kazi ianze. Mita inaandika kVA 60. Hiyo ni shilingi 900,240 hata kama siku zilizobaki mashine mbili zimelala. Sasa panga zamu: kukoboa kwanza, kusaga kunaanza kukoboa kukimalizika, pampu inajaza tanki usiku. Mzigo wa juu unashuka hadi kVA 45, na tozo inakuwa shilingi 675,180. Umeokoa shilingi 225,060 kwa mwezi bila kupunguza gunia hata moja.

Kuna kipengele wengi hawakijui mpaka kiwaume. Unatozwa kiwango kikubwa kati ya mzigo wa mwezi huu na asilimia 75 ya mzigo wa juu kabisa wa miezi mitatu iliyotangulia. Asilimia 75 ya 60 ni 45, kwa hiyo katika mfano wetu nafuu inaonekana mwezi huo huo. Ungeshuka hadi 35, bado ungetozwa 45 mpaka ule mwezi wa 60 utoke kwenye hesabu. Kwa maana hiyo siku moja ya kuwasha ovyo inakufuata miezi mitatu. Bandika karatasi ya zamu ukutani karibu na swichi, na umweleze kijana sababu yake.

Kasoro kubwa ya tozo hii ni kwamba haiulizi saa. Kilele chako cha saa nne asubuhi, wakati laini ina nafasi tele, kinatozwa sawa na kilele cha saa mbili usiku. Wakati wa kuzitazama upya bei hizi, hapo ndipo ningeanzia: mzigo wa juu uliofikiwa saa za jioni utozwe bei kamili, na ule wa usiku wa manane au mchana utozwe sehemu ndogo tu. Mita za wateja hawa tayari zinahesabu kwa vipindi, hivyo hakuna kifaa kipya cha kununua.

## Mbona kVA na si kilowati?

Mota huvuta mkondo mwingi kuliko kazi inayofanya. Mota za kilowati 40 zenye kipimo cha nguvu (power factor, sehemu ya mzigo inayofanya kazi kweli) cha 0.8 zinavuta kVA 50, na waya unabeba hizo 50. Fundi akifunga kapasita na kupandisha kipimo hadi 0.95, kVA zinashuka hadi 42. Hapa umepunguza tozo bila kusogeza saa yoyote.

## Nchi za nje walitozaje wateja wa nyumbani?

Njia ni nyingi, na kila moja imefichua kosa lake.

Norway, kuanzia Julai 2022, hutazama saa tatu zenye matumizi makubwa zaidi katika siku tatu tofauti za mwezi, hupiga wastani, na kukuweka kwenye ngazi: chini ya kilowati 2, 2 hadi 5, 5 hadi 10 na kuendelea. Nawasifu kwa zile siku tatu. Ukipata wageni siku moja ukawasha kila jiko, hufilisiki. Juu ya hapo kuna bei ya uniti ya mchana na ya usiku.

Flanders, nchini Ubelgiji, walianza Januari 2023. Wao huchukua robo saa yenye mzigo mkubwa kuliko zote kwa kila mwezi, kisha wastani wa miezi 12, na kima cha chini ni kilowati 2.5. Yaani bibi mwenye taa nne na televisheni anatozwa kana kwamba anavuta kilowati 2.5. Na aliyewasha oveni Jumapili mchana, laini ikiwa tupu, anaadhibiwa sawa na aliyeiwasha jioni ya baridi wakati laini imeelemewa. Inamfundisha mtu asiwashe vitu viwili kwa pamoja, lakini haimfundishi ni saa ngapi mtaa umeelemewa.

Ujerumani wamepita njia nyingine tangu Januari 2024. Mwenye chaja ya gari au pampu ya joto anapunguziwa tozo ya mtandao, naye anakubali kwamba laini ikizidiwa mwenye mtandao anaweza kumshusha hadi kilowati 4.2. Hazimwi, anapunguzwa. Makubaliano ya namna hii yanafaa sana kwa mizigo mikubwa michache.

Ufaransa wana bei ya usiku kwa nyumba tangu miaka ya 1960, na siri ya mafanikio yake ni tangi la maji ya moto. Kwa miaka mingi mawimbi maalumu yalipitishwa kwenye waya ule ule wa umeme, swichi ndani ya nyumba ikayapokea, tangi likawaka lenyewe usiku. Mwenye nyumba amelala. Afrika Kusini nao wametumia njia hiyo kwa matangi ya maji ya moto katika miji kadhaa. Kwangu hili ni somo kubwa kuliko majedwali yote ya bei: bei hufanya kazi vizuri zaidi pale ambapo kuna swichi inayoitii bila kumsumbua mtu.

## Nina LUKU. Nikinunua umeme usiku nitapata nafuu?

Hapana. LUKU ni mita ya malipo ya kabla, na hata bei ya saa ikitangazwa kesho, nyingi za mita hizo hazitaweza kuitumia.

Ukilipa, mfumo unapiga hesabu ya fedha yako kwa bei iliyopo na kukupa tarakimu 20. Ndani ya tarakimu hizo kuna idadi ya uniti, si shilingi. Mita inazipokea na kuanza kupunguza: moja, moja, moja. Haijui kama uniti hiyo imetumika saa nane mchana au saa mbili usiku. Tokeni za Kenya na Yaka ya Uganda zinaendeshwa kwa mfumo huo huo.

Tokeni hubeba muda fulani, lakini ni dakika iliyotengenezwa, inayohesabiwa tangu mwaka 1993 ili namba moja isitumike mara mbili. Hesabu hiyo ilifika mwisho tarehe 24 Novemba 2024, ndiyo maana watu walilazimika kuingiza seti mbili za tarakimu 20 za kubadilisha mita kabla ya kuingiza umeme wenyewe. Kazi ile ilifika mita kwa mita, nyumba kwa nyumba. Ningependa tuikumbuke kila mtu anaposema bei ya saa kwa nyumba zote ni jambo la kubonyeza kitufe.

Njia ya karibu zaidi ni kutenga mzigo mzito. Pampu, hita ya maji au chaja ya pikipiki iwekewe laini yake yenye mita ndogo na swichi ya saa, na mita hiyo iuziwe uniti kwa bei ya nafuu kwa sharti kwamba haipitishi umeme jioni. Taa na televisheni zibaki kwenye LUKU ya kawaida.

## Mwenye nyumba ya chumba kimoja atasogeza nini?

Hana cha kusogeza, na bei isimdai asogeze. Taa tatu, simu, redio na televisheni ndogo haziwezi kufika hata wati 200. Ukimwekea bei ya juu saa mbili usiku umemtoza kwa kuwasha taa giza likiingia. Kundi la wateja wadogo libaki na bei moja tambarare. Bei ya saa ianze kwa wakubwa kwa lazima, kwa wa kati kwa hiari, na kwa nyumba ianze na zenye hita, viyoyozi na pampu.

## Tukihamia kupika kwa umeme, kilele cha jioni hakitalipuka?

Kinaweza. Tanzania imelenga asilimia 80 ya watu watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na sehemu ya hiyo itakuwa umeme. Nyumba 60 zikiwasha jiko la kilowati 1 saa moja usiku, hizo ni kilowati 60 kwenye transfoma ile ile ya mtaa.

Uganda wanayo bei ya kupikia: mteja wa nyumbani akivuka uniti 80 kwa mwezi, uniti za 81 hadi 150 zinauzwa kwa nafuu. Nia ni njema, mkaa unamaliza misitu. Ila nafuu hiyo inatazama wingi na haitazami saa.

Chakula chenyewe kinatuonyesha pa kupita. Ugali wa saa tisa alasiri hauliwi saa mbili usiku, huo utasongwa jioni na hakuna bei itakayouhamisha. Maharage, makande, nyama ngumu na supu havina haraka hiyo. Jiko la presha la umeme linapangwa saa, linapika mchana, jioni ni kupasha na kuunga. Mzigo mrefu umehamia saa tisa, wa jioni umebaki mfupi. Bei ya mchana ikishuka, mama lishe atakuwa wa kwanza kuligundua hilo.

## Wote wakisubiri saa nne usiku, hatutatengeneza kilele kipya?

Tutatengeneza, na kitakuwa kibaya zaidi. Kilele cha kawaida kinapanda taratibu kwa kuwa watu hawafanani. Swichi za saa zinafanana. Chaja 40 zikiwaka saa nne kamili, transfoma inapigwa kwa mkupuo. Dawa ni kutofautisha: mtaa huu nafuu ianze saa nne, ule saa nne na nusu, au kila swichi ichelewe kwa dakika zake. Bei pekee, bila mpangilio huu, haitoshi kwenye laini fupi.

## Wenye sola juu ya paa wanabadilisha hesabu?

Wanaibadilisha kabisa. South Australia, ambako paa nyingi zina sola, tangu 2020 kuna tozo ya mtandao iliyo robo ya kawaida kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, ili watu watumie umeme wa jua palepale. Saa ya nafuu hufuata hali ya laini, hivyo lazima itazamwe upya kila baada ya miaka michache. Saa nzuri ya Nairobi leo ni usiku. Viwanda vyake vikiendelea kufunga sola, mchana nao utafika zamu yake.

## Ninaweza kusema wapi haya?

Tanzania, EWURA, mdhibiti wa nishati, huitisha taftishi (kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi) kabla ya kubadilisha bei, na Kenya mdhibiti mwenzake, EPRA, hupokea maoni ya umma. Nenda na bili zako za miezi 12. Usiulize tu "kwa nini umeme ni ghali". Omba wakuonyeshe laini inayokulisha imebeba mzigo gani kila saa, siku ya kazi na Jumapili. Kisha uliza bei wanayoipendekeza inagusa saa zipi kati ya hizo.